Kwa nini muziki wa filamu uliyoipenda zamani hausikiki vilevile leo

Mtu anautafuta muziki wa filamu aliyoitazama akiwa darasa la sita. Anaupata, anavaa hedifoni, anabonyeza. Ndio wenyewe: filimbi zinaingia palepale, ngoma zinajibu palepale. Lakini kuna kitu hakikai sawa. Muziki umekuwa mzito kidogo, unaburuza miguu, na ile sebule ya shangazi iliyokuwa ianze kujitokeza kichwani, na taa yake ya chemli na mkeka wake, inaishia njiani.

Wengi hujilaumu. Husema masikio yamezeeka, au kwamba utamu ulikuwa wa utoto na utoto haurudi. Mara nyingi lawama si yao. Muziki walioukariri ulikuwa kweli na kasi nyingine, na unaouzwa leo huenda ni rekodi nyingine kabisa, iliyopigwa siku nyingine. Kumbukumbu yenyewe nayo ina masharti yake: haifunguki kwa wimbo wowote unaofanana, inataka ule ule iliofungwa nao. Mambo hayo matatu huchanganyikana, na hapa tunayatenganisha moja moja.

Kanda zilizokimbia

Filamu ya sinema hupigwa na kuoneshwa kwa picha 24 kila sekunde. Televisheni za Kenya, Tanzania, Uganda, Oman na Uingereza zilifuata mfumo wa PAL, wenye picha 25 kwa sekunde. Ufaransa ilitumia SECAM, nao ni picha 25 hizohizo. Mafundi waliokuwa wakihamisha filamu kwenda kwenye kanda za video walichagua njia nyepesi: waliiendesha filamu nzima kwa 25 badala ya 24. Jicho halishtuki, kwa sababu ongezeko ni asilimia 4.17 tu. Lakini sauti imefungwa pamoja na picha, kwa hiyo nayo inakimbia, na sauti ikikimbia hupanda.

Inapanda kiasi gani? Nota ya La, ambayo okestra hulinganishia ala zake kwenye hezi 440, inafika 458. Ukiwa mbele ya kinanda, ni kama kutoka kitufe cheupe kwenda cheusi kilicho jirani, ukaishia saba ya kumi ya safari. Chukua *Out of Africa*, filamu iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 1985 ikiwa na muziki wa John Barry. Ukumbini ina dakika 161. Kwenye kanda ya PAL inaisha kwa dakika 154 na nusu, na hakuna aliyekata kitu. Dakika sita na nusu zimeliwa na kasi. Barry alijulikana kwa violini zisizokuwa na haraka, zinazotandazwa kama mkeka chini ya picha ya ndege ndogo ikipita juu ya mbuga. Kwenye deki za Nairobi na Mombasa violini hizo zilikuwa na haraka kidogo, na aliyezizoea hivyo atauona muziki halisi wa Barry umepoa.

Marekani walitumia NTSC, yenye takriban picha 30 kwa sekunde. Pengo la kutoka 24 hadi 30 ni kubwa mno kuzibwa kwa kukimbiza, kwa hiyo mafundi wao walirudia baadhi ya picha kwa mpangilio maalumu na kasi ya sauti ikabaki karibu ileile. Ndiyo maana aliyekulia Chicago na aliyekulia Tanga hawakumbuki kabisa sauti moja, hata kama filamu ni moja. Na hata Tanga kwenyewe haikuwa sauti moja, kwa sababu projekta za kumbi za sinema ziliendeshwa kwa 24. Baba aliyeiona *Sholay* ukumbini miaka ya sabini, na mwanawe aliyeiona kwenye deki miaka kumi na tano baadaye, wakipiga mluzi wa ile harmonika ya Amitabh Bachchan, si ajabu mmoja awe juu ya mwenzake. Wabishane wanavyotaka, wote wako sahihi.

Swali la haki ni kama sikio la mtu asiyesomea muziki linaweza kushika tofauti ndogo hivyo. Linaweza, kwa kiasi. Mwaka 2003 Glenn Schellenberg na Sandra Trehub, watafiti wa Toronto, waliwapa wasikilizaji muziki wa vipindi vya televisheni walivyovizoea, kila mmoja katika sauti yake halisi na katika sauti iliyosogezwa, wakawauliza ipi ndiyo. Waliposogeza kwa nusu-toni moja, yaani hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani, takriban asilimia 58 ya majibu yalikuwa sahihi; kwa nusu-toni mbili, takriban 70. Kubahatisha tu kungetoa 50. Kabla yao, mwaka 1994, Daniel Levitin aliwaomba watu waimbe nyimbo walizozijua kwa kukumbuka tu, na karibu asilimia 40 waligonga nota ileile ya rekodi angalau mara moja katika majaribio mawili. Hawakuwa wanamuziki walioteuliwa. Kumbe kichwa huhifadhi urefu wa sauti (yaani nota iko juu au chini kiasi gani, si muda wake) vizuri kuliko mwenyewe anavyojua. Saba ya kumi ya nusu-toni iko chini kidogo ya kipimo kidogo cha Toronto, kwa hiyo usitegemee mtu aseme "hii imeshuka". Atakachosema ni kwamba imepoa, au imechoka.

Kasi ni nusu tu ya habari ya kanda. Deki za kawaida zilisoma sauti kutoka ukingo mwembamba wa mkanda, na mkanda wa VHS katika PAL hutembea milimita 23.39 kwa sekunde. Kaseti ya redio hutembea 47.6. Yaani kaseti ya muziki ya bei rahisi ilikuwa na kasi mara mbili ya kanda ya video, na kwenye sumaku kasi ndiyo nafasi ya kuandikia sauti nyembamba. Matoazi yalipotea, mkwaruzo wa upinde kwenye violini ukapotea, ikabaki sauti ya katikati yenye joto la blanketi. Kanda iliyorekodiwa kwa mwendo wa nusu ili filamu mbili au tatu zienee ilishuka hadi milimita 11.7. Na mpira unaovuta mkanda ukichakaa, mwendo huyumba. Ngoma haitaonesha sana, lakini violini ikishika nota moja ndefu utaisikia inatetemeka kama mtu anayejizuia kulia. Watu wengi wanaamini mtetemo huo ulitungwa.

Albamu si filamu

Tuseme kasi umeirekebisha na bado sauti siyo. Hapo mshuku rekodi yenyewe.

Santuri ya zamani ilibeba kama dakika 40 kwa pande zote mbili, wakati muziki wa filamu moja unaweza kuzidi saa. Marekani kulikuwa pia na suala la malipo: kutumia kanda za filamu kwenye santuri kulimaanisha kuwalipa wapigaji wa okestra upya, na mara nyingi ilikuwa nafuu kukodi studio na kupiga upya na kundi dogo. Watunzi wenyewe hawakuchukia. Kipande cha sekunde 50 kinachokatika ghafla kwa sababu mlango umefungwa kwenye picha hakipendezi sebuleni; mtunzi alikirefusha, akakipa mwanzo na mwisho.

Henry Mancini alifanya hivyo karibu kama kawaida. Filamu ya *Hatari!*, iliyopigwa Tanganyika upande wa Arusha na kutoka mwaka 1962, ndiyo iliyozaa ule muziki wa watoto wa tembo wakiongozwa kwenda kuoga, wenye klarineti ndogo inayotamba juu ya besi ya bugi. Uliopigwa redioni miaka yote ni wa santuri ya RCA Victor, uliorekodiwa upya kwa ajili ya santuri. Wa kwenye filamu ni mwingine. *Jaws* ya mwaka 1975 ni hivyohivyo: John Williams aliupiga upya kwa ajili ya albamu, na kanda za filamu yenyewe zikaja kutolewa mwaka 2000. Anayekumbuka papa akija, na zile nota mbili zikisogeleana, ana kumbukumbu ya kitu ambacho kwa miaka 25 hakikuwa dukani.

*The Lion King* ya 1994 ni kisa cha namna nyingine. Hapo rekodi ni ileile, ila haikutosha. Diski ya mwaka huo ilikuwa na vipande 12, na vinne tu ndivyo vilikuwa muziki wa Hans Zimmer usio wimbo; vilivyobaki ni nyimbo za Elton John na Tim Rice. Aliyeshikwa na kipande fulani katikati ya filamu alikitafuta hadi 2014, ilipotoka albamu ya diski mbili yenye muziki mzima. (Na tuseme hili kwa wanaoendelea kubishana vijiweni: majina Simba na Rafiki ni yetu, lakini yale maneno ya mwanzo jua linapochomoza ni Kizulu, sauti ya Lebo M wa Soweto. Hayageuki kuwa Kiswahili hata ukiyasikiliza mara mia.)

Kuna wanaokumbuka rekodi ya mtu mwingine kabisa. Muziki wa Ennio Morricone wa *The Good, the Bad and the Ugly* ni wa 1966. Mwaka 1968 Hugo Montenegro aliurekodi kwa namna yake, nao ukafika namba moja Uingereza na namba mbili Marekani. Redio zilipiga wa Montenegro. Ukikuta rekodi ya Morricone ukaona haina ule mwendo wa gitaa uliouzoea, huenda ni redio uliyoikariri, si filamu.

Filamu za Kihindi, ambazo pwani ya Afrika Mashariki ilizitazama kuliko za Hollywood, zina tatizo kubwa zaidi na ndilo lisilosemwa. Desturi ya India ni kutoa nyimbo kwenye santuri, mara nyingi kabla filamu haijatoka, na kuuacha muziki wa chini ya picha ubaki kwenye filamu. Ule mpigo wa adui akishuka kwenye farasi, ile violini ya mama akimpoteza mtoto, haukuuzwa. *Sholay* ya 1975, kwa muziki wa R.D. Burman, ilitolewa hata santuri ya mazungumzo, kwa sababu watu walitaka kuyasikia tena maneno ya jambazi wake, Gabbar Singh, nyumbani. Kwa walioinunua, muziki na maneno vimeshonwa pamoja. Ukiwapa harmonika tupu, masikio yanasubiri sauti ya mtu.

Halafu kuna taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana hasa kwa mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya Kihindi, na hakuwa peke yake. Kwa hiyo bibi anayeusikia muziki wa filamu ya Bombay na kutokwa machozi huenda hajaiona filamu hiyo. Anaikumbuka harusi. Hapo kumtafutia filamu si kumsaidia. Mtafutie kaseti ya taarabu.

Kundi la mwisho ni la wale waliotazama filamu zikiwa na mtafsiri juu yake: DJ Afro kwa Wakenya, Lufufu kwa Watanzania, VJ Jingo kwa Waganda. Mtafsiri akizungumza, sauti ya filamu inashushwa. Akinyamaza, muziki unapanda ghafla. Kwa mtoto wa kibanda umiza, muziki wa pigano la mwisho huja kwa mawimbi hayo, na kilele chake ni steringi anapotajwa jina. Toleo hilo halipo kwenye albamu yoyote duniani.

Kichwa kinashika nini

Neno la kitabibu la hamu ya yaliyopita, nostalgia, liliundwa Basel mwaka 1688 na Johannes Hofer, aliyekuwa akieleza ugonjwa wa Waswisi walio mbali na kwao, wakiwemo askari wa kukodiwa. Ugonjwa huo ulihusishwa tangu mapema na muziki: wimbo wa wachunga ng'ombe wa milimani. Jean-Jacques Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya 1768, anasimulia kwamba ulikatazwa kupigwa jeshini kwa sababu askari walilia, wakatoroka, au wakafa. Kisha anaongeza jambo ambalo utafiti wa karne mbili na nusu baadaye haujalipindua: wimbo wenyewe, kimuziki, hauna kitu. Haufanyi kazi kama muziki, unafanya kazi kama alama ya kukumbushia. Asiye wa milima ile haumgusi.

Muziki wa filamu ni alama ya namna hiyo iliyotengenezwa makusudi. Mtunzi humpa mhusika nota zake, kisha huzirudisha kila anapotokea. Max Steiner alishampa nyani wa *King Kong* nota tatu za kushuka mwaka 1933. Morricone alikwenda mbali zaidi: mlio uleule mfupi aliwagawia watu watatu kwa ala tofauti, filimbi kwa mmoja, okarina, ile filimbi ya udongo, kwa wa pili, sauti za watu kwa wa tatu. Mtazamaji hajui kwamba anafundishwa, lakini kwa saa mbili anafundishwa: nota, uso, hofu, nota, uso, hofu, kwa vipindi vilivyoachana, huku moyo ukienda mbio. Mwalimu wa shule angeomba masharti hayo. Na kwa kuwa macho yako kwenye picha, muziki unaingia bila kuchambuliwa, pamoja na chochote kilichokuwapo chumbani: harufu ya mafuta ya taa, kelele za jirani waliochungulia dirishani.

Umri nao unahusika. Watu wazima wakiulizwa kumbukumbu za maisha yao, nyingi hurundikana kati ya miaka 10 na 30, na za muziki huelemea zaidi ujana wa mapema. Mwaka 2013 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na mwenzake walionesha mrundikano wa pili: vijana walikuwa na kumbukumbu na mapenzi kwa muziki wa ujana wa wazazi wao. Ndiyo sababu kijana wa miaka 25 wa Dar es Salaam anaweza kulegea kwa muziki wa filamu ya 1973 iliyotoka kabla hajazaliwa. Nyumbani ulikuwa ukipigwa, na kumbukumbu yake ni ya kweli, ila si ya filamu.

Ndani ya kichwa, Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alionesha mwaka 2009 kwamba sehemu ya katikati ya ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, hufuatilia nota za wimbo na wakati huohuo huhusika na kumbukumbu za mtu binafsi. Mambo mawili yanakutana sehemu moja. Lakini Janata huyohuyo na wenzake, mwaka 2007, waliwapigia wanafunzi vipande vya nyimbo zilizovuma walipokuwa watoto na vijana, na kwa wastani asilimia 30 tu ndizo zilizoamsha kumbukumbu ya maisha. Saba katika kumi zilipita bure. Usishangae albamu nzima ikipita na kipande kimoja tu ndicho kinachokuinua kwenye kiti.

Kwa nini basi tofauti ndogo ya kasi au rekodi izuie mlango usifunguke? Kwa sababu kidokezo hufanya kazi kadiri kinavyofanana na kilichokuwapo wakati kumbukumbu ilipowekwa. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley waliwapa wapiga mbizi wa Scotland maneno ya kujifunza, mengine chini ya maji, mengine nchi kavu. Walichojifunza majini walikikumbuka vizuri zaidi majini. Muziki ni vivyo hivyo: nota ni zilezile, ila blanketi la VHS, kasi ya 25 na sauti ya mtafsiri vilikuwa ndiyo maji.

Kasoro ya upande wa pili ni kidokezo kulegea. Kikifungwa kwenye jambo moja kina nguvu. Kikifungwa kwenye mambo mia hakijui kilete lipi. Anayeugeuza muziki wake wa thamani kuwa mlio wa simu anauua kwa wiki chache, maana sasa unamkumbusha wadai na foleni ya Ubungo. Sikiliza kwa nadra, kwa utulivu, usiupige ukiwa unaosha vyombo. Na uandike kilichokuja kwanza kabla hujauliza ndugu zako, kwani ukishasikia yao huwezi tena kutenga. Ukali wa hisia pia si ushahidi: mtu huona wazi kabisa filamu akiitazama na babu ambaye mwaka huo alikwishafariki.

Kuirudisha sauti

Anza na jina la kipande, si la filamu. Studio huvipa vipande namba kama 3M2, yaani mzunguko wa tatu wa filamu, muziki wa pili, lakini albamu hutumia majina ya kupendeza na mara nyingi haifuati mpangilio wa filamu. Andika dakika ambayo kipande kinaanza kwenye filamu na urefu wake, kisha linganisha na urefu kwenye albamu. Soma pia okestra, kiongozi na mwaka. *Out of Africa*, kwa mfano, ilirekodiwa upya miaka ya tisini na okestra ya taifa ya Scotland chini ya Joel McNeely. Nzuri, lakini siyo uliyoisikia. Mikusanyo mingi ya "muziki bora wa filamu" ya kwenye simu imepigwa na okestra za Prague.

Kupima kasi ni hesabu ya mstari mmoja: urefu wa albamu mara 0.96. Kipande cha dakika tatu kamili kwenye albamu kitakuwa dakika 2 na sekunde 53 kwenye kanda ya PAL. Vikioana, umepata chanzo. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, chagua lote, nenda kwenye athari ya kubadili kasi na urefu wa sauti kwa pamoja, andika 4.167 kwenye nafasi ya asilimia. Kosa la kwanza la watu ni kutumia ile inayobadili mwendo peke yake: inaacha urefu wa sauti palepale na kuchakachua mikia ya nota. La pili ni namba. Kutoka 24 kwenda 25 ni kuongeza 4.167, kutoka 25 kurudi 24 ni kupunguza 4 kamili. Baadhi ya diski za PAL zilirekebishwa urefu wa sauti kiwandani. Hizo zina dakika pungufu lakini nota sahihi, kwa hiyo linganisha nota pia, usitegemee saa tu. Ukitaka lile blanketi, kata sauti kuanzia kilohezi 10 kwenda juu. Utashangaa kinachotokea.

Kama kipande hakijawahi kutolewa, njia iliyobaki ni filamu yenyewe. Diski yenye sauti ya njia sita huweka mazungumzo hasa kwenye njia ya katikati na muziki mwingi kushoto na kulia. Ingiza sauti hiyo Audacity ikiwa na nyongeza ya FFmpeg, utaona mistari sita. Wa tatu ndio wa katikati. Ufute. Maneno mengi yataondoka, japo mwangwi wake na milio ya farasi vitabaki. Filamu ya zamani yenye njia moja haikubali ujanja huu, na programu za kutenganisha sauti kwa kompyuta huacha violini zikisikika kama ziko ndani ya ndoo ya maji.

Kanda yenye mtafsiri, au iliyorekodiwa nyumbani, shughulikia kwanza kabla ya yote, maana haina pacha. Ichungulie kwenye dirisha lake: ukiona unga mweupe au madoa kwenye mizunguko, ni ukungu wa unyevu, ugonjwa wa kawaida wa pwani. Usiitie kwenye deki. Utachafua vichwa na kuziambukiza nyingine. Mpe fundi aifungue na kuisafisha mkononi. Ikiwa safi, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo mara moja kabla ya kuicheza, ili mizunguko iliyogandana iachane. Vichwa vya deki visafishwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na ngozi laini, si pamba ya masikio, kwa sababu nyuzi zake hunasa na kung'oa kichwa. Unganisha waya nyekundu na nyeupe kwenye tundu la kuingizia laini, si la maikrofoni, ambalo litapasua sauti. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, kilele kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri.

Hifadhi faili hilo ghafi bila kuligusa, na kila marekebisho yafanye kwenye nakala. Kwenye jina la faili andika kasi, 25 au 24, na kama lina mtafsiri. Usipoandika, siku moja mpwa wako mwenye nia njema ataona linakimbia, atalipunguza asilimia 4, kisha atafuta la kwanza.